Shetani Alinipitia

(Mhadhara uliotolewa Moshi, kama ulivyosemwa)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Nashukuru mmekuja na mvua hii.

Nianze na sentensi ambayo kila mmoja humu ndani amewahi kuisikia: "Shetani alinipitia." Mume amempiga mkewe, mweka hazina amechota fedha za kikoba, kijana ameuza shamba la mama yake kwa siri. Wakikalishwa chini na ukoo, hiyo ndiyo inayotoka. Isikilizeni vizuri. Mtendaji ni shetani. Mimi nilikuwa njia tu, kitu kikapita kikaenda zake. Na ina ndugu zake: pombe ilinizidi, hasira zilinipanda, ndivyo nilivyoumbwa. Jioni hii nauliza kwa dhati kama ipo siku ambayo sentensi hiyo ni ya kweli. Mimi naamini ipo, na ndiyo maana inaniuma ikitumiwa ovyo.

Mwaka 1814 mwanahisabati wa Ufaransa, Pierre-Simon Laplace, aliandika kwamba kama ingekuwepo akili inayojua mahali pa kila kitu ulimwenguni kwa wakati mmoja, pamoja na nguvu zote zinazovisukuma, basi isingebahatisha lolote: yaliyopita na yajayo yangekuwa wazi mbele yake. Sasa mweke binadamu ndani ya picha hiyo. Ulilofanya jana limetoka kwenye ubongo wako. Ubongo umetoka kwenye mimba, lishe na malezi. Hayo yametoka kwa wazazi, na wazazi kwa wazazi wao. Hakuna pete hata moja ya mnyororo huo uliyoichagua wewe. Wanafalsafa huliita wazo hili determinizimu. Mimi nitaliita fundisho la sababu.

Tusilichanganye na majaliwa. Dereva anayelipita lori kwenye mteremko wa Kikafu huku akisema "siku ikifika imefika" anadhani ajali imeandikwa, afanye asifanye. Fundisho la sababu halisemi hivyo. Linasema ajali itakuja kwa sababu amelipita lori pale. Chrysippus, Mgiriki wa karne ya 3 kabla ya Kristo, alikwisha kuwajibu watu wa namna hii: kama umeandikiwa kupona, huenda umeandikiwa pia kumwita mganga. Neno lenyewe "ajali" limetuponza. Kwa Kiarabu ni muda uliowekwa, kikomo cha uhai. Sisi tumeligeuza kuwa jina la gari lililopinduka. Kisha tunasema ajali haina kinga, na helmeti ya abiria imening'inia kwenye usukani wa bodaboda.

Walutheri mlio hapa mnajua kwamba mwaka 1525 Luther aliandika kitabu kizima kupinga hiari ya mwanadamu katika wokovu, akimjibu Erasmus, msomi Mkatoliki aliyeitetea mwaka mmoja kabla. Waislamu nao walikuwa wamelijadili karne nyingi kabla ya hapo, kati ya Wakadaria walioshikilia hiari na Wajabria waliosema mwanadamu ni kama jani kwenye upepo. Wafuasi wa al-Ash'ari wakaja na njia yao ya katikati: Mungu huumba tendo, mtu "hulichuma", yaani hulifanya kuwa lake. Sitaingia huko zaidi. Nimeyataja ili msidhani swali hili limeletwa juzi na watu wa vyuo vikuu.

Juzi limeongezewa mashine. Mwaka 1983 Benjamin Libet na wenzake huko Marekani waliwaomba watu wakunje mkono wakati wowote watakapojisikia. Vipimo vilionyesha ubongo ukianza kujiandaa takriban nusu sekunde kabla ya tendo, wakati wahusika walisema walihisi kutaka kama moja ya tano ya sekunde tu kabla. Wapo waliotangaza kwamba hiari imekwisha. Sikubaliani nao. Kukunja mkono bila sababu yoyote hakufanani na kuamua. Anayetaka kuuza shamba la mama yake hulala nalo wiki tatu, hutafuta mnunuzi, hukwepa macho ya dada zake. Uamuzi wa namna hiyo hauishi ndani ya nusu sekunde.

Twende Arusha, kilomita 80 hivi kutoka hapa. Pale ilikaa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, na tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu kwa mauaji ya kimbari. Aliwahi kuwa mwalimu, kisha akawa mkuu wa komyuni ya Taba, yaani eneo la utawala kule Rwanda. Utetezi wake ulikuwa kwamba hakuwa na uwezo wa kuyazuia yale. Majaji wakatazama tarehe. Mauaji yalikuwa yameanza tarehe 7 Aprili 1994, na waliona kwamba mpaka tarehe 18 Akayesu alijaribu kuzuia vurugu katika eneo lake. Siku hiyo ya 18 ulifanyika mkutano Murambi, viongozi wa serikali ya mpito wakikutana na wakuu wa komyuni. Baada ya mkutano ule, Akayesu akawa mtu mwingine.

Kila nikifikiria jambo hili narudi kwenye zile siku kumi na moja. Je, alikuwa na sababu za kugeuka? Alikuwa nazo: hofu, cheo, upepo wa wakubwa. Ile akili ya Laplace ingezitaja zote, moja baada ya nyingine. Lakini mtu huyu alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba anasikia neno "usiue" na anaweza kulifuata. Mkutano haukumng'oa sikio. Ulimpa sababu nyingine, naye akaipokea.

Kwa hiyo sibishani na wanaosema kila tendo lina chanzo. Nakubali. Ninachouliza ni chanzo hicho kilimwachia nini mtu. Mwenye kifafa akianguka na kumwaga uji wa moto juu ya mtoto, hakuachiwa kitu. Neno "usimwage" halikuwa na mlango wa kuingilia. Kanuni yetu ya Adhabu humwondolea mtoto wa chini ya miaka 10 hatia ya jinai. Humwondolea pia mtu ambaye ugonjwa wa akili umemzuia kuelewa anachofanya. Hao, mkitaka, shetani kweli amewapitia.

Mwanafalsafa Mwingereza, P. F. Strawson, aliandika mwaka 1962 kwamba kinyongo, shukrani na msamaha hufuata kile tunachokiona katika nia ya mwenzetu kwetu. Niliyasoma hayo nimekwisha kuzeeka kazini, na yalinirudisha kwenye darasa langu la sita. Kulikuwa na mvulana aliyechelewa kila siku ya soko. Nilimchapa. Siku ya soko iliyofuata nikamchapa tena, na tena. Niliona dharau machoni pake. Mwezi ulipokwisha ndipo mwalimu mwenzangu akaniambia kwamba yule mtoto anaishi na bibi asiyeweza kutembea, na alfajiri ya siku ya soko hubeba ndizi kichwani mpaka sokoni ndipo aje shule. Hasira yangu iliisha palepale. Viboko vilikuwa vimekwisha kupigwa.

Mwaka jana nilimkuta soko la Mbuyuni, ana meza yake ya ndizi. Nikamwomba radhi. Akacheka kwa upole, akasema, "Mwalimu, zamani walimu wote walikuwa hivyo. Na wewe ulichapwa. Tena ulikuwa hujui."

Yote matatu ni kweli. Nilichapwa sana, nilifundishwa kwamba fimbo ndiyo ualimu, na sikujua. Ile akili ya Laplace ingeyaandika hayo hayo. Lakini bibi mgonjwa na mzigo wa ndizi havikumwachia yule mtoto njia nyingine ya kufika. Mimi kinywa changu kilikuwa wazi asubuhi zote zile. Nikamwambia, "Ningeweza kukuuliza, baba."

Hakunijibu. Alinichagulia mkungu, akaufunga kwa kamba, akakataa pesa.