Hatukuja kuangalia desktopu yako

Haya, wale wa nyuma sogeeni mbele, viti viko. Wengine wenu mshanisikia nikiongea haya Nakuru na Kakamega, na leo mtanisikia tena, juu kila mkutano ninaoenda hapa Kisumu mambo ni yaleyale. Mtu amesimama mbele, projekta inawaka, na sisi wote tunafuata kale kamshale ka maus kakizunguka kutafuta faili. Jamani, hatukuja kuangalia desktopu yako.

Shida yangu ni hiyo tu. Laptopu ya kuonyesha slaidi inafaa ifike slaidi ya kwanza kwa amri moja, maus ikae kando. Wale wa LibreOffice, ile programu ya ofisi ya bure, kwenye Linux, ule mfumo unaoendesha kompyuta badala ya Windows, amri ni hii, mnaiandika kwa terminali, yaani lile dirisha la kuandikia amri:

soffice --norestore --show "/home/kanisa/Harambee ya paa.odp"

Najua kuna mwalimu hapo anasema moyoni, kwani F5, kile kitufe cha kuanzisha shoo, kiliharibika? Hakijaharibika mwalimu. F5 inafanya kazi ukishafungua faili, na mimi naongea juu ya kabla ya hapo, pale ndipo watu huaibika.

Hebu niwape ile ya harambee, najua wengine mnaijua lakini vumilieni. Ilikuwa upande wa Vihiga, kanisa linatafuta paa, mgeni wa heshima ameketi, slaidi zinaenda vizuri, halafu stima ikapotea. Jenereta ikawashwa. Ile kompyuta haikuwa na betri ya maana kwa hivyo ilizima pwaa, na kijana wa mitambo alipoiwasha na kufungua slaidi, LibreOffice ikaleta lile dirisha lake la kuuliza kama urudishiwe faili zilizokuwa wazi wakati mashine ilikufa. Sasa lile dirisha huwa linaorodhesha majina ya faili. Ukutani, herufi kubwa kama za bango la kampeni: barua ya kuomba kazi, hesabu ya chama, na nyingine imeandikwa "madeni ya mzee". Na mzee mwenyewe yuko hapo meza kuu! Akina mama wa mbele wakaanza kusomeana, mgeni akauliza kwa maiki ni madeni gani hayo, emsii akaona heri kwaya iimbe. Kwaya ikaimba nyimbo zote inazojua. Pesa zilichangwa, sikatai, lakini ile picha ya paa iliyotafutwa wiki nzima hakuna aliyeiangalia.

Sasa hilo neno --norestore ndilo linazuia hayo. Linaambia programu isianze mambo ya kurudisha faili za jana. Na --show linafungua slaidi zikiwa zimejaa skrini tayari, ukimaliza linafunga faili, watu hawaoni kitu ingine. Lakini msiende kuweka --norestore kwenye kompyuta mnayoandikia kazi, siku stima itapotea na ripoti haijasevu utanipigia simu ukilia, na sitashika. Ni ya mashine ya kuonyesha tu.

Eti amri ni za mahaka. Wewe mama yangu hapo, hujawahi kubonyeza nyota, ukafuata namba, ukamalizia na heshi kwenye simu ya mulika mwizi ukatuma karo? Hiyo ilikuwa nini?

Kinachowashinda watu hasa ni alama. Jina la faili likiwa na nafasi katikati lazima liwe ndani ya alama za kunukuu, la sivyo kompyuta inadhani Harambee ni faili moja, ya ni nyingine, na paa.odp ni ya tatu. Halafu ile dashi ni mbili, dashi dashi. Kuna watu huwa wanatumiana amri kwa WhatsApp, simu zingine zinajifanya zinajua, zinaunganisha dashi mbili kuwa moja ndefu na kupinda zile alama za kunukuu, ukikopi ukapesti hapo haifanyi kazi na unasema mwalimu alitudanganya. Andika na mkono wako.

Na mtu huniuliza kila mara mbona soffice na si libreoffice. Hilo jina limetoka kwa StarOffice ya Wajerumani, kampuni ya Sun ya Marekani wakainunua 1999, ikazaa OpenOffice, halafu 2010 watu wakajitenga ikawa LibreOffice, jina la amri likabaki hapohapo. Kwenye Linux nyingi hata ukiandika libreoffice inaitika. Twende.

Wenye Windows na PowerPoint, msinune, yenu ni:

start powerpnt /s "C:\Slaidi\Harambee ya paa.pptx"

Hiyo /s ndiyo inaanzisha shoo. Iandike kwa Notepad, sevu iishie na .bat, weka desktopu, unabonyeza mara mbili basi. Ukitaka ianze yenyewe kompyuta ikiwashwa, bonyeza ufunguo wa Windows na R, andika shell:startup, tupa ile .bat kwa folda itakayofunguka. Angalieni tu, ukiandika start halafu jina la faili peke yake ndani ya alama za kunukuu, Windows inadhani hicho ni kichwa cha dirisha, inakuletea dirisha jeusi tupu. Weka alama mbili tupu kwanza, start "" ndio uandike faili. Na msifungulie kwa fleshi! Leo fleshi ni E, kesho ni F, amri yako inatafuta kitu hakipo. Kopi kwa laptopu.

Naona naonyeshwa saa. PDF haraka: soffice --headless --convert-to pdf na jina la faili, inageuza bila kufungua dirisha lolote, ibebe kama akiba, ukifika ukute kompyuta ya watu haina fonti zako hautatoa jasho. Kwa Linux kuna evince, programu ya kusoma PDF: evince --presentation na jina la faili inaionyesha skrini nzima. Mambo ya Mac na ya kuzungusha slaidi siku nzima pale mapokezi nimeyaacha, nikamateni wakati wa chai.

Wa Windows kaeni upande wa dirisha, wa Linux huku kwangu, fungueni hizo terminali sasa. Na wewe kijana wa projekta, hiyo maus nipatie mimi.