Mama hawangi, ni miguu

Asalaam aleikum ndugu zangu, na wale wa Tumsifu Yesu Kristo, habari zenu. Mtanisamehe picha inayumba. Simu nimeishika mkononi na ninatembea, jikoni mpaka mlangoni, mlangoni mpaka jikoni, maana nikikaa simalizi hata sentensi mbili. Hapa Göteborg ni saa tisa usiku. Kwenu Kigoma ni saa kumi na moja alfajiri, boti za dagaa zinarudi Kibirizi.

Sikuwa na mpango wa kurekodi. Lakini juzi mdogo wangu kanipigia, sauti ya chini kabisa: "Dada, mama siku hizi halali. Anazunguka uani usiku kucha. Na majirani wameshaanza maneno." Nikamuuliza maneno gani. Akanyamaza. Sisi wa mwisho wa reli tunajua. Mwanamke mtu mzima, mjane, anaonekana nje saa nane za usiku, linalosemwa ni moja tu. Anawanga.

Mama yangu hawangi. Mama anaumwa. Na bibi, mama yake mzazi, aliyeitwa mchawi mpaka siku anaingia kaburini, naye alikuwa na ugonjwa huu huu. Najua kwa sababu hata mimi ninao.

Ni ugonjwa wa miguu isiyotulia. Usifikirie ganzi, wala kukaza kwa misuli. Ni kama ndani ya ugoko kumetiwa soda iliyotikiswa, inataka kutoka na haina pa kutokea. Ukisimama ukatembea, inashuka. Ukijinyoosha kitandani, inapanda upya. Mchana unaweza kuvumilia, ila jua likizama ndipo unapoanza, ndiyo maana mgonjwa wake utamkuta uani usiku. Na unafuata ukoo. Mwaka 1945 daktari wa hapa Uswidi, Karl-Axel Ekbom, ndiye aliyeueleza vizuri vitabuni. Wakati huo bibi alikuwa msichana pale Kibirizi na hakuna aliyemwambia kitu.

Bibi alikuwa akiamka saa saba usiku anateremka ufukweni. Zile siku za giza, wavuvi wanapoingia ziwani na taa, alisimama anaziangalia huku anasuka ukili, anahamisha uzito mguu huu, anahamisha mguu huu. Sijawahi kumwona anasuka amekaa. Leo naelewa kwamba mikono ikiwa na kazi na akili ikiwa na kitu cha kushika, miguu inapungua kelele. Alijitibu mwenyewe kwa alichokuwa nacho. Sisi watoto tuliambiwa tusile alichopika. Na mimi nilitii. Nilikuwa na miaka tisa, lakini nilitii.

Sasa niwaambie yaliyonikuta mimi, maana dawa ipo, na dawa hiyo hiyo ndiyo iliyonigeuka.

Mwaka wa pili nikiwa huku daktari aliniandikia pramipeksoli. Inaiga kazi ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo. Kidonge cha kwanza kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele, na usiku ule nililala mpaka saa tatu asubuhi. Nilipoamka nililia. Miaka mitatu nililala kama watu. Kisha miguu ikaanza saa kumi na mbili jioni badala ya saa nne usiku. Tukaongeza dozi, ikatulia miezi michache. Ikaanza saa tisa mchana, nikaongezewa. Ikaanza saa tano asubuhi nikiwa kazini, namlisha mzee uji, na safari hii ilipanda mpaka mikononi. Kijiko kikawa kinagonga bakuli. Nilipofika miligramu 0.54 kwa siku, ambacho ndicho kiwango cha juu kwa ugonjwa huu, nilikuwa mgonjwa kuliko siku niliyoanza.

Kila tulipoongeza, tulikuwa tunamwagia moto mafuta. Madaktari wanalijua jambo hili: dawa za kundi hili, pramipeksoli, ropiniroli na wenzake, kwa wagonjwa wengi baada ya miaka huukuza ugonjwa wenyewe. Mwanzoni mwa 2025 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba zisiwe tena chaguo la kawaida. Kwangu mwongozo ulikuta maji yameshamwagika.

Na kuna lingine. Kaka, naomba unisikilize wewe hasa. Uliniuliza mara nne hela ya mabati ya nyumba ya mama iko wapi, nikakujibu mambo magumu huku. Hela ilikuwepo. Niliitumia usiku, nimesimama hapa hapa jikoni, nanunua vitu kwenye simu. Mapazia. Sufuria. Viatu vya watoto nisio nao. Maboksi yalijaa mpaka bafuni na mengine sikuwahi kuyafungua. Dawa hizi zinaweza kumtia mtu tamaa asiyoweza kuizuia, ya kununua, ya kucheza kamari, na imeandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Sikuisoma, na hakuna aliyeniuliza. Mama alilala chini ya bati linalovuja masika mbili. Nisamehe, kaka.

Kuacha, ndugu zangu, hakuachwi kwa siku moja. Mtu akikata ghafla anaweza kuumia vibaya. Tulipunguza robo kwa robo, miezi saba, huku wakinianzishia gabapentini, dawa ya kundi lingine. Kidonge cha mwisho nilikimeza Januari. Usiku tisa uliofuata sikulala hata saa mbili kwa usiku mzima. Nilikuwa natoka nje peku, nakanyaga theluji, kwa sababu baridi ile ilikuwa inanipa dakika kumi za amani. Usiku wa kumi nikalala saa nne mfululizo.

Halafu chuma. Hapa sikilizeni vizuri. Miaka yote nikipimwa damu naambiwa iko sawa. Ni kweli, wingi wa damu ulikuwa sawa. Lakini feritini, ile akiba ya chuma mwilini, ilikuwa 22. Maabara inaiita kawaida. Kwa mwenye miguu hii, wataalamu wanataka atibiwe chuma akiwa na 75 au chini yake, kwa sababu ubongo unaweza kukosa chuma wakati damu inacho. Nilitundikiwa dripu ya chuma. Wiki sita sikuona kitu, nikakata tamaa. Wiki ya nane nikakaa kwenye basi mwanzo wa safari mpaka mwisho, sikusimama.

Sijapona. Mnaniona. Usiku mbili kwa wiki ni hivi. Lakini zilikuwa saba.

Kwa hiyo mdogo wangu, ile Piriton mliyompa mama ili alale, iacheni leo. Inaleta usingizi kwa wengine, lakini miguu hii inaichochea, na promethazini ni hivyo hivyo. Ile ya kuzuia kutapika, metoklopramidi, nayo. Amitriptilini, dawa ya sonona, pia huchochea, ila kama kuna daktari aliyemwandikia msimwachishe wenyewe, mwambieni daktari kwanza. Mpeleke hospitali ya Maweni. Waambie apimwe feritini, wingi wa damu peke yake hautoshi, na wamwangalie figo na sukari. Msimnunulie vidonge vya chuma kwa kubahatisha, chuma kikizidi kinadhuru. Akiandikiwa, ameze tumbo likiwa tupu, na chai ya rangi asubiri, chai inazuia chuma kuingia. Jioni maji ya moto kwenye beseni mpaka magotini, na mkande mwenyewe, usimwachie mtoto.

Na akitoka uani usiku, toka naye. Weka kiti, washa taa, kaeni mkizungumza. Mpe dagaa achambue. Majirani wamwone ana mtu.

Bibi hakuwa na mtu.

Ngoja... subirini. Mama yuko hewani. Hii alama ya kijani, ameingia sasa hivi. Naye yuko macho.

Nakata, nampigia.