Amplifaya ya Gari Iliyoungua: Kabla Hujairudishia Umeme

Ndugu mafundi, na ninyi mliokuja kwa sababu mna amplifaya ya zamani imelala kabatini haitoi sauti, karibuni.

Leo tunazungumzia amplifaya za gari za miaka ya 1980 na 1990: zile nzito, kasha la alumini lenye mapezi, nyingi zikiwa zimetufikia ndani ya magari ya mitumba kutoka Japani au zimeng'olewa kwenye matatu na daladala. Zinastahili kufufuliwa. Vipuri vyake vingi vina miguu inayopenya bodi, kwa hiyo unang'oa kimoja kimoja kwa mkono. Umeme wake wa ndani mara nyingi sana unasimamiwa na chipu ya TL494, na chipu hiyo inatengenezwa mpaka leo.

Kinachoziua mara ya pili ni haraka ya fundi. Anaona transista imepasuka, anaweka mpya, anagusisha waya wa betri, na ile mpya inakwenda na moshi papo hapo. Transista iliyopasuka ndiyo iliyouawa. Aliyeiua bado yumo ndani ya kasha. Ninachowaomba leo ni kimoja: usiirudishie amplifaya umeme kamili mpaka umejua kwa nini iliungua.

Ndani ya kasha mna nusu mbili. Ya kwanza ni nusu ya umeme: inachukua volti 12 za betri, mosfeti (transista zinazofanya kazi kama swichi) zinaukatakata umeme huo maelfu ya mara kwa sekunde, transfoma ya duara inaupandisha, dayodi zinaunyoosha, kapasita zinautuliza. Kwa nini kupandisha? Piga hesabu. Wati 100 kwenye spika ya omu 4 zinahitaji kilele cha volti 28 hivi, na betri haina volti hizo. Kwa hiyo amplifaya ya namna hiyo hujitengenezea takriban volti 30 chanya na volti 30 hasi. Nusu ya pili ni ya sauti, yenye transista kubwa zinazosukuma spika. Nusu moja ikifa, mara nyingi imeangusha nyingine, na ndiyo maana tunazitengeneza kila moja peke yake.

Kabla ya mita, tumia macho na pua. Kapasita ya kuingilia umeme iliyoandikwa volti 16 ikiwa imefura au imetema utomvu, uliza kama iliwahi kufungwa kwenye lori au basi la volti 24. Hapo utakuwa umepata jibu la mambo mengi. Rezista nyeupe za seramiki zilizo karibu na transista za sauti zikiwa na ufa, amplifaya ilibebeshwa spika zaidi ya uwezo wake. Watu wanasahau kwamba ukiunganisha chaneli mbili ziwe moja kwenye spika ya omu 4, kila chaneli inaiona kama omu 2.

Na tazama njia ya shaba inayotoka kwenye soketi za RCA, zile za kuingizia muziki. Ikiwa imeungua kama uzi wa balbu, waya wa hasi wa gari ulilegea. Umeme wote uliokosa njia ya kurudi ukapita kwenye waya mwembamba wa muziki. Ukirudishia njia ile na kuacha waya wa hasi ulivyo, itaungua tena.

Sasa chukua mita, weka kwenye alama ya dayodi, betri ikiwa mbali na kapasita zimeshamwaga chaji kupitia rezista ya omu 100 ya wati 5. Usizimwage kwa bisibisi. Pima kati ya terminali ya chanya na ya hasi. Ukipata karibu sifuri, mosfeti angalau moja imepiga shoti, au ni ile dayodi nene inayolinda dhidi ya betri kugeuzwa. Mosfeti ina miguu mitatu: geti ndilo linaloiamuru, na umeme hupita kati ya dreni na sosi. Iliyo nzima, waya mweusi wa mita kwenye dreni na mwekundu kwenye sosi, husoma kati ya volti 0.4 na 0.6, ukigeuza nyaya haisomi kitu. Geti lake halipaswi kusoma sifuri na mguu wowote.

Hapa wengi hudanganyika. Unapima, unakuta mosfeti zote zimekufa, pande zote mbili. Si kweli. Dreni za upande mmoja zimeungana, na pande mbili zinakutana kupitia mizunguko michache ya waya mnene wa transfoma, ambayo kwa mita ni sawa na kipande cha waya. Mfu mmoja anawafanya wote waonekane wafu. Ng'oa, kisha pima moja moja mezani. Ila hata ukikuta tatu nzima kati ya sita, badilisha zote sita, za aina moja na za pakiti moja. Zilizobaki zimekwisha kuumia, na mpya ikipangwa na kongwe hazigawani mzigo sawasawa.

Usidanganywe pia na namba kubwa. IRFZ44N inabeba ampia 49 na IRF3205 imeandikwa 110, kwa hiyo fundi anaona amepiga hatua. Lakini geti la IRF3205 linahitaji chaji ya hadi nanokulombu 146 kujaa, wakati la IRFZ44N linahitaji 63. Vitransista vinavyoendesha geti havikuandaliwa kwa mzigo huo. Mosfeti itachelewa kufunguka na kufunga, na muda huo wote inachemka. Rudishia aina ileile iliyokuwemo.

Mosfeti inapokufa, geti huvuja na volti 12 hurudi nyuma. Kwa hiyo pima kila rezista ya geti. Inaweza kuwa na rangi zake zote safi, imeandikwa omu 100, lakini mita inasema kilo-omu 3 au haisomi kabisa. Pima na vile vitransista vya kuendeshea.

Halafu, kabla ya kuweka mosfeti mpya hata moja, washa nusu ya umeme bila mosfeti. Fyuzi ya ampia 1 kwenye chanya, waya wa rimoti (ule wa kuiamuru amplifaya iwake) umeunganishwa. Mguu wa 12 wa TL494 uwe na volti zinazokaribia za betri. Mguu wa 14 uwe na volti 5, kati ya 4.75 na 5.25. Zikikosekana volti hizo 5 ilhali mguu wa 12 una umeme, chipu imekufa au kuna kitu kinazivuta. Mguu wa 4 ukiwa umepanda kupita volti 3, saketi ya ulinzi imeizuia chipu, na utafute kinachoizuia badala ya kubadilisha chipu. Mwisho pima kwenye matundu ya geti. Mwenye oskiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme, ataona mawimbi ya mraba yanayopokezana. Asiye nayo apime kwa volti za moja kwa moja: pande zote mbili zisome karibu volti 5, na zilingane. Upande mmoja ukisoma 5 na mwingine 11, ungeweka mosfeti hapo zingekufa kabla hujasogeza mkono.

Kapasita ni kazi fupi. Za kuingilia weka za volti 25 na nyuzi joto 105 badala ya zile za volti 16, mikrofaradi zilezile, na uangalie alama ya hasi. Vile vidogo vilivyobandikwa juu ya bodi katika amplifaya za miaka ya 1990 huvuja maji yanayonuka kama samaki na kula shaba. Vitoe, osha kwa spiriti na mswaki, angalia njia za shaba moja moja.

Mosfeti zikisharudi, usiwashe kabla hazijabanwa kwenye alumini. Futa grisi ya joto ya zamani iliyokuwa chokaa, paka mpya nyembamba pande zote za kile kijikaratasi cha maika kinachozuia transista isigusane kiumeme na kasha. Kishike mwangani: ufa wa unywele au kipunje cha risasi kinatosha kuleta shoti. Ukishakaza skrubu, pima kati ya mgongo wa transista na kasha. Mita isisome kitu.

Washa kupitia balbu ya breki ya wati 21 iliyofungwa mfululizo kwenye waya wa chanya, transista za sauti ukiwa umezing'oa kwanza. Balbu imulike kidogo na kufifia. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, shoti bado ipo. Balbu imekulindia mosfeti zako. Ikififia, pima volti chanya na hasi za ndani, zilingane. Ndipo urudishe transista za sauti, na uhamie balbu ya taa kubwa ya wati 55.

Bila spika, pima volti za moja kwa moja kwenye terminali za spika. Chini ya milivolti 50 ni vizuri. Ukikuta volti kadhaa, usiweke spika, koili yake itaungua. Kisha rekebisha mkondo wa kusubiri, yaani umeme mdogo unaopita kwenye transista za sauti muziki ukiwa kimya. Geuza kile kirezista cha kurekebisha hadi mwisho wake wa chini kabla ya kuwasha, maana kikongwe chenye vumbi hukatika katikati na kufungulia mkondo wote. Pima volti kati ya ncha mbili za rezista ya emita (iliyo kwenye mguu wa emita wa transista ya sauti): ikiwa ni omu 0.22 na unataka miliampia 20, tafuta milivolti 4.4. Panda taratibu. Ondoa balbu, rudisha fyuzi yenye namba iliyoandikwa kwenye kasha, iache ijipashe joto nusu saa, kisha pima tena, kwa sababu mkondo huo hupanda joto linapopanda. Ukiendelea kupanda bila kutulia, kile kitransista kinachohisi joto hakijagusa alumini sawasawa. Fungua ukibane upya kabla hujaipeleka kwenye gari.