Mirathi Iliyozaa Hakimu: Oregon, 1841 hadi 1845

Mabibi na mabwana, ikitajwa Marekani ya walowezi, mawazo hukimbilia bastola na wezi wa farasi. Katika bonde la mto Willamette, Oregon, kilichowakalisha watu kikao wamchague hakimu ni mirathi.

Februari 1841 alifariki Ewing Young, mtega wanyama wa zamani. Mwaka 1837 ndiye aliyeongoza msafara wa kuswaga mamia ya ng'ombe kutoka California, na alipokufa alikuwa na mifugo, ardhi na madeni ya watu. Wosia hakuacha, mrithi hakuna aliyemjua. Nani amteue msimamizi? Tangu 1818 Marekani na Uingereza zilikubaliana kuitumia nchi ile kwa pamoja, kwa hiyo serikali ya kukimbilia haikuwepo. Wakalapuya, wenyeji wenye bonde lao, hawakuulizwa.

Baada ya mazishi, tarehe 18 Februari, walowezi walikutana kwenye misheni ya Wamethodisti wakamchagua Ira Babcock kuwa hakimu mkuu mwenye mamlaka ya mirathi. Babcock alikuwa daktari. Walimchagua pia karani, George Le Breton, na sherifu, na makonstebo watatu. Sheria? Watumie za jimbo la New York mpaka watunge zao. Kamati ya kuzitunga alikabidhiwa padri Blanchet, Mkatoliki, na haikukaa hata kikao kimoja. Juni akapita Charles Wilkes, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, akawashauri wasiharakishe mambo ya serikali. Yakalala.

Hakimu yupo, katiba haipo, na mirathi inasimamiwa! Mnacheka, lakini mimi naona uchaguzi ule ulikuwa na akili: kila mpiga kura alijua ni kazi gani hasa anampa mtu. (Sehemu ya fedha za marehemu serikali ilikuja kuitumia kujengea gereza Oregon City. Miaka ya 1850 akajitokeza mwanawe kutoka New Mexico, akadai haki yake, akalipwa.)

Mwaka 1843 walianza upya, safari hii kwa vikao vya kuchangishana pesa za kuwalipa wanaoua mbwamwitu. Vikao hivyo vikazaa hoja ya serikali, na tarehe 2 Mei wakakusanyika Champoeg, humo humo bondeni, waamue kama waiunde. Kura ya sauti ikavuruga mambo, ikabidi watu wajitenge uwanjani makundi mawili. Simulizi maarufu husema 52 kwa 50. Wengi wa Wakanada wenye asili ya Kifaransa waliokataa wakaondoka zao. Waliobaki wakachagua mahakimu wadogo, walinzi wa amani kama tunavyowaita Tanzania, na makonstebo, na sherifu Joe Meek, mwindaji wa milimani. Kodi haikuwepo, serikali iliendeshwa kwa michango ya hiari. Kura ilikuwa ya mwanamume huru aliyetokana na mzungu, miaka 21 na zaidi. Maneno hayo yaliwaingiza watoto wa Wafaransa na mama zao wenyeji, yakawaacha nje mama wenyewe.

Sasa tuone konstebo huyu wa kuchaguliwa alipewa nini mkononi. Machi 1844 palizuka mapigano Oregon City, yaliyotokana na ugomvi wa farasi kati ya Cockstock, mwenyeji wa huko, na walowezi wawili weusi. Cockstock aliuawa, Le Breton, yule karani, alijeruhiwa akafa. Juni, kwa hoja ya Peter Burnett, mjumbe wa kamati ya kutunga sheria, ikapitishwa sheria ya kuwafukuza watu weusi: wanaume miaka miwili, wanawake mitatu, wawe wameondoka. Asiyeondoka, mlinzi wa amani, yule hakimu mdogo, atoe hati, amkamate, amsikilize. Akimtia hatiani, konstebo wa kaunti amchape mgongoni viboko visivyopungua 20 wala kuzidi 39. Baada ya miezi sita, kama bado yupo, arudiwe.

Desemba viboko vikabadilishwa kuwa kazi ya lazima, na mwaka 1845 sheria nzima ikafutwa kabla haijaanza kutekelezwa. Burnett alikwenda kuwa gavana wa kwanza wa jimbo la California. Oregon nayo mwaka 1857 iliwapelekea wapiga kura swali lile lile la kuwazuia watu weusi wasihamie, wakalikubali kwa wingi, likaingia kwenye katiba ya jimbo. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 1926.