Basi Moja, Madereva Wanne

Ndugu wajumbe, wafanyakazi wa usafiri, na ninyi mnaopanda mabasi kila siku, asanteni kwa kuitikia wito.

Abiria akisimama kituoni dakika 40 bila kuona basi, hudhani limeharibika. Mara nyingi basi ni zima, limeegeshwa yadi, tangi limejaa. Aliyekosekana ni mtu wa kushika usukani. Tuhesabu pamoja kwa nini amekosekana.

Chukueni basi moja linaloanza kazi saa 11 alfajiri na kulala saa 5 usiku. Ni saa 18 kwa siku, saa 126 kwa wiki. Dereva ameajiriwa kwa saa 45 za wiki. Mpangaji wa bajeti hugawanya 126 kwa 45, akapata 2.8, akaandika watatu, na kosa lote linaanzia hapo. Saa 45 hizo si za usukani zote. Dereva akifika husaini, huchukua karatasi ya safari, kisha hulizunguka gari: nati na upepo wa matairi, taa, maji ya rejeta, oili, milango, halafu anasubiri geji ya upepo wa breki ipande. Ni robo saa, akifanya kwa haki. Ongeza muda wa kula, wa kwenda kupokea gari katikati ya njia, wa kukabidhi fedha na kuandika kasoro. Tuseme hayo yote yanakula saa 9 kwa wiki, zinabaki 36. Gawanya 126 kwa 36, unapata 3.5. Bado likizo, ugonjwa, mafunzo na kupima afya: katika wiki 52 za mwaka, tuseme unampata wiki 45. Hesabu inafika madereva wanne kwa basi moja.

Kwa hiyo mabasi 20 yanataka madereva 80. Bajeti ikileta nafasi 60, robo ya kazi haina mwenyewe tangu siku ya kwanza, hata kama hakuna aliyeugua.

Pengo hilo huzibwa kwa ovataimu. Mwajiri huiona nafuu, kwani saa ya ziada haidai likizo wala haihitaji kumfundisha mtu mpya. Lakini anayefanya siku ya sita na ya saba huchoka, akaugua, na zamu zake zikawaangukia wenzake waliochoka vilevile. Kuna jambo jingine ambalo mikutano ya bajeti hailigusi. Mshahara wa msingi ukiwa mdogo, dereva hulipa kodi ya nyumba na ada za watoto kwa ovataimu. Siku mnayofanikiwa kuajiri, ovataimu inakatika, na dereva wa miaka mingi anaona kipato kimeshuka. Anaondoka. Mmeingiza kumi wapya, mmepoteza wazoefu. Mshahara wa msingi upande kwanza, ndipo ajira zifuate.

Wapya nao hawakai. Wakongwe huchagua zamu, wapya huachiwa zamu ya vipande: saa 11 alfajiri hadi saa 3 asubuhi, kisha saa 9 alasiri hadi saa 2 usiku. Analipwa saa 9, lakini kazi imemshika saa 15, na zile 6 za katikati hazina malipo wala pahali pa kulala. Leseni ya abiria mliyomgharamia anaipeleka kwenye malori. Lipeni hata nusu ya saa hizo za katikati, wekeni na chumba chenye vitanda karibu na yadi.

Sasa foleni. Mzunguko wa dakika 80, na 10 za kupumua kituo cha mwisho, ni 90. Ukitaka basi kila dakika 15, unahitaji mabasi 6. Foleni ikiongeza dakika 15, unahitaji 7 kutoa huduma ileile: basi la ziada, madereva wanne wa ziada, na pengine hakuna abiria hata mmoja aliyeongezeka. Usipoongeza, zinazoliwa ni zile dakika 10. Dereva anageuza gari papo hapo bila kwenda msalani. Ndiyo maana naililia njia maalumu ya mabasi: rangi barabarani na usimamizi wa kweli vinaweza kurudisha mishahara ya watu wanne.

Kwenye fedha nitakuwa mfupi. Ruzuku ya kununua mabasi mapya hupatikana kwa urahisi kuliko fedha ya kuyaendesha, maana basi jipya lina sherehe ya uzinduzi. Punguzo la wanafunzi na wazee linaamriwa leo, fidia yake inachelewa miezi. Fedha zikipungua, hukatwa vipuri na mafunzo kwanza, kwa kuwa havionekani. Gari moja huwekwa juu ya mawe, linanyofolewa alteneta kulihudumia la pili, kisha kompresa kulihudumia la tatu, na mwishowe halifufuki.

Naomba jambo moja lianze mwezi huu, nalo halina gharama. Kila safari iliyofutwa iandikwe sababu yake katika kitabu cha zamu: hakuna dereva, hakuna gari, au foleni. Safu tatu, zijumlishwe kila Ijumaa, na karatasi hiyo iletwe mezani kabla hamjapitisha fungu la kununua basi jingine.