Kitanda Kwanza, Darasa Baadaye

Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie daktari anayetoka wodini kwenda kukalia kiti cha makamu mkuu wa chuo. Watu humsikitikia: tumempoteza, kamezwa na makaratasi. Mimi sikubali, na ushahidi wangu uko Mikocheni, Dar es Salaam.

Profesa Hubert Kairuki alikuwa daktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Hospitali yake pale Mikocheni ilianza mwaka 1987. Wazee mnaukumbuka wakati ule: sheria ya mwaka 1977 ilikuwa imepiga marufuku tiba ya biashara, na kamba haikulegezwa mpaka 1991. Chuo kikuu chake kilikuja 1997. Miaka kumi nzima! Wako ambao wangeanza na madarasa na bango la barabarani. Yeye alianza na wagonjwa, na kwangu mimi huo ndio uongozi wa daktari: anajua mwanafunzi wa udaktari hafundishiki pasipo mgonjwa.

Alifariki mwaka 1999, chuo kikiwa kichanga, nacho kikapewa jina lake. Umakamu mkuu ukaja kushikwa na daktari wa watoto, Profesa Esther Mwaikambo, aliyehitimu Moscow mwaka 1969 akawa mwanamke wa kwanza Mtanzania kuwa daktari. Mwaka 2000 chuo kikapata ithibati, cha kwanza miongoni mwa vyuo vikuu binafsi nchini.

Sasa, katika ofisi ya makamu mkuu kuna karatasi moja ninayoiogopa kuliko zote: idadi ya wanafunzi watakaodahiliwa mwaka huu. Mhasibu ataisoma kwa hesabu ya ada, na ana haki, maana mishahara hailipwi kwa dua. Lakini lazima awepo mezani mtu atakayeuliza: hawa wote watazunguka vitanda vingapi?

Nikiwa mwaka wa tatu, tulikuwa 15 kwenye kitanda kimoja. Mtoto ana nimonia, mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi, mama ameshika pindo la khanga ya mwanawe. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, naona mgongo wa koti la mwenzangu. Wa kwanza alipogusisha stethoskopu ya baridi, mtoto akaangua kilio, na tangu hapo hakuna aliyesikia kifua. Zamu yangu ilipofika, mama alinitazama, akamfunika mwanawe. Sikumlaumu. Daftarini niliandika kwamba nimesikiliza mapafu, mwalimu akasaini.

Sauti ya mapafu yenye nimonia niliisikia mara ya kwanza miaka mitatu baadaye, niko intanshipu, yale mazoezi ya kazi baada ya kuhitimu, saa tisa usiku, mbavu za mtoto mwingine zinabonyea vilevile. Nilirudia kusikiliza mara nne. Hakukuwa na mtu wa kumwuliza kama ndiyo yenyewe.