Kivuli cha Asteroidi Kwenye Barabara ya Namanga

Asante sana, mwenyekiti. Wazee wetu, akina mama, walimu, na nyinyi vijana mliokaa huku mbele, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya asteroidi zinazopita mbele ya nyota. Nitasema mapema ninachokitaka, ili mnisikilize mkijua ninakoelekea. Nataka watu sita au saba kutoka ukumbi huu wakubali kusambaa usiku mmoja kando ya barabara ya Namanga, kila mtu na darubini yake ndogo, wote wakiangalia nyota ileile kwa dakika chache. Asteroidi ikipita mbele ya nyota huzuia mwanga wake, na kivuli chake hukimbia juu ya ardhi. Vivuli hivyo hupita juu ya Kenya kama vinavyopita juu ya Uhispania, Japani na Marekani. Kule kuna wapenzi wa nyota, watu wenye kazi nyingine kabisa, mafundi, walimu na wastaafu, wanaotoka usiku kwenda kuvisubiri. Hapa kwetu vingi hupita juu ya mashamba na miji iliyolala, na kikishapita kimepita. Jiwe lile na nyota ile hazitakutana tena namna ile maishani mwetu.

Asteroidi ni mawe yanayolizunguka jua, mengi yakiwa kati ya Mirihi na Mshtarii. La kwanza kuonekana ni Ceres, lililogunduliwa na Giuseppe Piazzi huko Palermo tarehe 1 Januari 1801. Leo yanayojulikana yamepita milioni moja. Yako mbali sana. Chukua jiwe la upana wa kilomita 50 lililo umbali wa kilomita milioni 300: kwa darubini tulizo nazo sisi, na kwa nyingi zilizo kubwa kuliko zetu, ni nukta tu. Huwezi kujua kama ni la mviringo, kama limechongoka, au kama ni mawe mawili yanayozungukana.

Sasa simama usiku kando ya barabara, mkabala na kibanda chenye taa moja upande wa pili. Matatu inapita katikati yako na kibanda. Taa inapotea, kisha inarudi. Kama matatu ilikuwa inaenda mita 10 kwa sekunde na taa imepotea kwa nusu sekunde, gari lile lina urefu wa mita 5, na umelipima gizani bila kuliona. Asteroidi tunazipima hivyo hivyo. Mwendo tunaujua kutokana na hesabu za njia yake. Kivuli kikikimbia kilomita 10 kwa sekunde na nyota ikapotea kwa sekunde 5, basi jiwe lina kilomita 50 katika ule mstari uliopita juu ya kichwa chako.

Nasema mstari, na hapo ndipo penye utamu wote. Nyota iko mbali kiasi kwamba miale yake hutufikia ikiwa sambamba, kwa hiyo kivuli kinachopita juu ya ardhi kina upana uleule wa jiwe lenyewe. Mtazamaji mmoja hupata mstari mmoja wa umbo lile. Watazamaji sita waliosimama mbalimbali hupata mistari sita, na ukiipanga kwenye karatasi unaona jiwe: huku limevimba, huku limebonyea. Hata yule ambaye nyota yake haikupotea kabisa ametusaidia, maana ametuonyesha jiwe linaishia wapi. Darubini moja kubwa ya mabilioni ya shilingi, ikiwa peke yake, itapata mstari mmoja tu. Watu wachache wenye vifaa vidogo waliotawanyika vizuri wanaishinda.

Historia nitaipitia haraka. Nyota kufichwa na asteroidi kulishuhudiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958, Juno ilipopita mbele ya nyota na watazamaji wa Malmö, Uswidi, wakaiona. Mwaka 1983 asteroidi nyingine, Pallas, ilipimwa na watazamaji zaidi ya 100 Marekani na Meksiko, umati ambao hadi leo ni wa kutajika. Lakini miaka ile ubashiri ulikuwa wa kubahatisha. Mtu aliendesha gari usiku kucha, na kivuli kikapita kilomita mamia kutoka alipo. Kilichobadilisha mambo ni chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichorushwa Desemba 2013. Kilipima mahali zilipo nyota zaidi ya bilioni moja, kwa usahihi ambao haukuwahi kuwepo. Tangu takwimu zake zilipoanza kutolewa mwaka 2016, ramani ya njia ya kivuli imekuwa kitu cha kuaminika, na safari ya usiku imekuwa na thamani.

Na Afrika imo katika habari hii. Chombo cha anga cha Marekani kiitwacho New Horizons, kilipokwisha kupita Pluto, kilielekezwa kwenye jiwe dogo ambalo leo linaitwa Arrokoth, umbali wa takribani kilomita bilioni 6.6 kutoka jua. Hakuna aliyejua lina umbo gani. Julai 2017 wanasayansi walipanga darubini 24 za kubebeka nchini Argentina. Ni 5 tu zilizoona nyota ikipotea, lakini hizo 5 zilitosha kuonyesha kwamba jiwe lile si la mviringo, huenda hata ni mawili. Agosti 2018 kivuli kingine kilipita Senegal na Kolombia. Timu zikaenda Senegal katikati ya msimu wa mvua, na wanasayansi wa Senegal, akiwemo Maram Kaire, wakasimama pamoja nao. Chombo kilipofika tarehe 1 Januari 2019 kilikuta kweli mawe mawili yaliyogandana, urefu wake wote kama kilomita 36. Leo kuna asteroidi inayoitwa Maramkaire. Ninaposema Kenya inaweza, nina Senegal kichwani.

Kwa nini barabara ya Namanga? Vivuli vingi hukimbia kati ya mashariki na magharibi, vikipinda kidogo kaskazini au kusini. Ili kuvikata vizuri unahitaji watu waliopangwa kutoka kaskazini kwenda kusini. Barabara ile ukishatoka Athi River inashuka kusini kuelekea mpakani. Kitengela hadi Isinya ni kama kilomita 20 kwenda kusini, Isinya hadi Kajiado vivyo hivyo, kisha Bissil, kisha Namanga. Zaidi ya kilomita 100 za mstari uliokwisha kuchorwa, una lami, na matatu zinafika. Kivuli cha kilomita 40 kikipita pale, tunaweza kuweka mtu kila kilomita 8 au 10. Na kadiri unavyoiacha Kitengela nyuma, taa zinapungua na anga linakuwa jeusi kama linavyotakiwa.

Mambo ya pale yanataka adabu. Usisimame gizani kando ya barabara kuu na bomba jeupe juu ya miguu mitatu bila mtu kukujua. Nenda mchana, zungumza na mwenye boma, mwombe kona ya uwanja wake, mpigie chifu simu. Mwenye boma akielewa mnachofanya, mara nyingi yeye na watoto wake ndio watakaokuwa wa kwanza kutaka kuchungulia. Mwachie achungulie. Kivuli bado kina saa moja kufika.

Kuna shida moja ya ikweta ambayo vitabu vya watu wa Ulaya havikuandai kuikabili. Stendi nyingi za darubini zenye mota zimetengenezwa mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya anga, yaani pale ambapo anga lote huonekana kuzungukia, na kutoka Nairobi ncha hiyo iko karibu kabisa na upeo wa macho, chini ya vilima na vumbi. Stendi nyingine hata hazilali kiasi hicho. Basi tumia njia nyepesi ambayo mimi naipenda kuliko zote. Anga linazunguka nyuzi 15 kwa saa. Tafuta kwenye ramani sehemu ambayo nyota yetu itapita baadaye, elekeza darubini hapo mapema, kaza skrubu zote, na usiiguse tena. Nyota itaingia yenyewe kwenye picha kwa wakati wake. Hakuna mota, hakuna stima, na fundi mmoja anaweza kuandaa darubini mbili tatu jioni moja.

Sasa tuje kwenye saa, maana kazi yote ni saa. Kivuli kinakwenda kilomita 10 kwa sekunde. Ukikosea nusu sekunde, umekosea kilomita 5, na jiwe lako limeharibika. Jicho na kidole havitoshi, kwa sababu mtu huchelewa kubonyeza. Saa ya simu nayo inaweza kuchelewa bila kukuambia. Tunatumia kamera ya video na kipokezi cha GPS kinachochapa wakati juu ya kila picha. Kamera ya picha 25 kwa sekunde inakupa usahihi wa kama mita 400 kwa kivuli cha mwendo ule. Jiwe lililo mbali kilomita milioni 300, na wewe unalipima kwa mita 400 ukiwa umekaa kwenye kigoda huko Isinya! Kila nikilifikiria jambo hili nafurahi upya.

Niwaeleze kinachoonekana. Kwenye skrini kuna nukta tatu au nne zinazotetemeka, na chini tarakimu za wakati zinakimbia. Nukta moja ni nyota yetu, zile nyingine ni za jirani, nazo zina kazi. Wingu jembamba likipita, nukta zote hufifia pamoja. Asteroidi ikipita, ni ile moja tu. Na haififii polepole kama mshumaa unaokwisha; kwenye picha hii ipo, kwenye inayofuata haipo. Unahesabu moja, mbili, tatu, na pale nyota ilipokuwa pana weusi mtupu, kwa sababu jiwe lenyewe ni hafifu mno kwa kamera yako. Kisha inarudi pale pale.

Angalieni pia kabla na baada. Machi 1977, ndege yenye darubini ikiwa juu ya Bahari ya Hindi, wanasayansi walisubiri Uranus ifiche nyota. Nyota ikapepesa mara kadhaa kabla ya wakati, na ikapepesa tena baadaye upande wa pili. Wakawa wamegundua pete za Uranus. Juni 2013 jambo kama hilo lilitokea Amerika Kusini kwa Chariklo, kitu cha kilomita 250 hivi, na ikawa mara ya kwanza kwa pete kuonekana kwenye kitu kidogo hivyo. Kwa hiyo asizime mtu kamera eti nyota imesharudi. Rekodi dakika kadhaa kila upande.

Mzee wangu hapa ameuliza tunazijuaje tarehe. Kuna programu za bure, Occult na OccultWatcher, zinazoonyesha vivuli vitakavyopita karibu na ulipo. Lakini ratiba zake ni za saa za dunia (UTC), na sisi tuko mbele kwa saa 3. Zikisema 18:40, kwetu ni saa tatu na dakika arobaini usiku. Zikisema Ijumaa 22:30, kwetu imeshakuwa Jumamosi, saa saba na nusu usiku. Andikeni kwenye karatasi kwa saa zetu, siku na tarehe, kila mtu aisome kwa sauti mbele ya wenzake kabla hamjaachana.

Binti mwenye sweta nyekundu anauliza kuhusu Apophis, asteroidi ambayo watu waliwahi kuhofia kwamba itatugonga. Swali zuri sana. Apophis ina upana wa kama mita 340, na tarehe 13 Aprili 2029 itapita takribani kilomita 32,000 kutoka uso wa dunia, karibu kuliko satelaiti za televisheni. Kwetu itakuwa imeingia tarehe 14, saa saba kasorobo usiku. Haitatugonga, vipimo vya rada vya Machi 2021 vimeondoa hofu hiyo kwa miaka 100 ijayo. Mwezi huohuo wapenzi wa nyota Marekani waliikamata ikificha nyota. Fikirieni: kivuli cha mita 340! Ilibidi watu wapangwe kwa mamia ya mita tu, na vipimo vyao vikasaidia kuinyoosha hesabu ya njia yake. Usiku wa 2029, watu wa Afrika wataweza kuiona kwa macho matupu.

Je, darubini lazima iwe kubwa? Hapana. Inategemea mwangaza wa nyota. Kwa nyota angavu hata kipenyo cha sentimita 8 kinaweza kutosha. Cha sentimita 20 kitakufungulia matukio mengi zaidi. Ya shule ikiwa inakaa kabatini, mwalimu, itoe.

Kabla ya kwenda Namanga tutafanya mazoezi na mwezi, kwa sababu hautaki safari. Mwezi ukiwa mchanga, jioni, upande wake wenye giza unafunika nyota moja baada ya nyingine, na kwa vile hauna hewa, nyota hupotea ghafla vilevile. Unaweza kufanya ukiwa juu ya paa Umoja au Kawangware. Tujifunze kuchapa wakati hapo, tulinganishe video zetu, tuone nani yuko sawa. Julai na Agosti mawingu ya Nairobi hayatatuachia kitu. Januari na Februari ndipo anga letu linapofunguka vizuri, na hapo ndipo tuchague kivuli chetu.

Karatasi iko mlangoni. Andika jina, aina ya darubini kama unayo, na mahali unapoweza kufika usiku na kurudi salama: Kitengela, Isinya, Kajiado au Bissil. Anayeweza kufika Bissil aje anione kabla hajatoka, maana upande ule wa kusini hatuna mtu bado.